Alama ya Mkasi

Tarehe 2 Februari

Daftari hili nimepewa na Binamu mpakani, tukiwa kwenye foleni ya mhuri. Alisema, "Redio, kila unachotaka kusema kiandike humo, masikio yetu yapumzike." Redio ni mimi. Jina nimepewa na watu wenye wivu. Shule niliacha darasa la saba, au tuseme tuliachana kwa makubaliano, lakini mwandiko wangu unamshinda yule mpiga mhuri, aliyechora kwenye vibali vyetu kama kuku aliyekanyaga wino. Binamu ndiye aliyeusoma: siku thelathini, haziongezwi.

Tuko watatu. Mimi ndiye dereva, na bila dereva hakuna safari, hilo nimewakumbusha mara mbili kabla ya saa tatu asubuhi. Pikapu ni ya mjomba wangu, huwa inabeba magodoro. Tunaiita Bibi kwa sababu haiamki bila kukohoa. Fundi ni rafiki yangu tangu wote wawili hatuna meno ya mbele. Anatengeneza cherehani, na huyo nikimsifia simpambi, mkono wake ni dhahabu. Binamu ni mtoto wa shangazi yake, karani wa stoo, anashika ramani, vibali na roho zetu.

Tunamtafuta baba yake Fundi. Alivuka mpaka huu miaka ishirini iliyopita kwenda kutengeneza cherehani msimu mmoja, akaaga kwamba anarudi baada ya miezi mitatu. Fundi alikuwa na miaka minne. Barua mbili, kisha kimya.

Sasa mwaka jana mtu wa huku alileta cherehani kuukuu kwenye kibanda cha Fundi. Fundi akakilaza nyuma kichwa cha mashine ili aone tumboni, akakuta chini ya bamba mkasi mdogo umechorwa kwa ncha ya msumari, na pembeni mwezi na mwaka. Tarehe ya miaka tisa iliyopita. Alama hiyo hiyo iko kwenye cherehani ya mama yake nyumbani. Mzee alikuwa na desturi yake: kila mashine anayoitengeneza anaiwekea alama, ili ikirudi na ugonjwa ule ule aitibu bure.

Lingekuwa jambo la Fundi peke yake tungeweza kungoja. Lakini mama yake ameposwa. Mposaji ni Mzee wa Mbegu, mwenye duka la mbegu pale sokoni kwetu, mjane, mtu mwema hata mimi sijapata cha kumtania. Mama hajajibu. Amesema hawezi kujibu kabla hajajua yeye ni mke wa mtu au mjane. Mzee wa Mbegu amesema atangoja mpaka mvua za kupandia.

Kwa hiyo siku thelathini. Tutampata ndani ya kumi. Nimewaambia.

Tarehe 3 Februari

Gurudumu. Nimelibadilisha mwenyewe, kwa kasi ya ajabu. Binamu anasema nusu saa.

Tarehe 5 Februari

Lugha ya watu wa huku na yetu ni kama mtu na binamu yake, ukisema polepole mnaelewana. Kazi yetu ndiyo hii: tunaingia mji mdogo, tunatafuta vibaraza vyenye mafundi nguo, Fundi anajitolea kutia mafuta na kukaza mikanda bure, mimi ninalaza mashine na kupangusa, Binamu anaandika. Watu wanadhani tuna wazimu. Mama mmoja mshonaji alituuliza kama tumetumwa na serikali. Nikamwambia ndiyo, idara ya matumbo ya cherehani. Binamu alinikanyaga mguu.

Leo, cherehani ya saba: mkasi. Miaka tisa. Fundi aliugusa kwa kidole kama mtu anayepima joto la mtoto. Mimi nilisema kwa niaba yetu sote.

Tarehe 8 Februari

Mkasi mwingine, miaka saba. Tunaelekea kaskazini kama reli. Nilisema mimi.

Tarehe 9 Februari

Hakuna.

Tarehe 12 Februari

Cherehani kumi na moja, hakuna. Nchi yao ni nzuri, sikatai: mashamba yamelimwa yote, yanangoja maji tu, na barabara inapita katikati kama mshono. Lakini Fundi haitazami. Jana hakula. Leo kanywa chai tu, nusu, akamwaga iliyobaki kwenye gurudumu la Bibi kana kwamba Bibi ndiye mwenye njaa.

Tuligombana na Binamu. Anasema tupande mlimani, barabara ya kushoto, kwa sababu alama zinapanda. Mimi nasema barabara ile haifai, Bibi ni mzee. Ukweli ni kwamba sitaki kuendesha kwenye makorongo watu wakiniangalia. Siwezi kumwambia hivyo karani wa stoo.

Tarehe 15 Februari

Leo nimefanya jambo. Naandika taratibu ili nisijidanganye.

Tuko mji wa njia panda. Asubuhi Fundi alisema turudi. Alisema hivyo huku akikunja blanketi lake vizuri, pembe kwa pembe, na mtu anayekunja blanketi hivyo amekwisha kuamua. Akasema labda mama ataishi tu hivyo hivyo, si mke wala mjane, watu wengi wanaishi hivyo.

Tukaingia kwa mshonaji wa mwisho, mama mmoja anayeshona mashuka ya hospitali. Ana mashine moja, katuambia kainunua mtumba miezi sita iliyopita kwa watu wa bondeni, hajui historia yake. Fundi akatoka kutafuta mkanda mpya wa mashine hiyo, Binamu akaenda naye. Mwenye nyumba alikuwa nyuma anaanua mashuka. Nikailaza ile cherehani nipanguse tumbo. Safi. Hakuna mkasi, hakuna chochote.

Msumari ulikuwa mkononi mwangu. Nauchukua kila mara kwa ajili ya kukwangua uchafu. Nikachora. Pete mbili, makali mawili. Nikaandika mwezi wa nane, mwaka jana. Nikapaka mafuta machafu juu ili isionekane mpya, nikapangusa, nikapaka tena. Mkono ulikuwa mtulivu kabisa. Hilo ndilo linalonishangaza.

Nilifikiri nini? Nilifikiri atakula. Basi. Nilimtaka ale chakula kimoja na kulala mara moja bila kukunja blanketi.

Aliporudi nikasema, njoo uone. Akainama. Alikaa pale chini muda mrefu mpaka nikaona magoti yangu yanachoka kwa niaba yake. Kisha akanikumbatia, na Fundi si mtu wa kukumbatia watu. Akasema, "Yuko hai, Redio. Mwaka jana alikuwa hai."

Alikula mayai manne.

Tarehe 16 Februari

Sikufikiria simu.

Tulipokuwa tunapakia, Fundi alikuwa ameshampigia mama yake. Nilimsikia akisema yuko hai, mama, mwaka jana, tumeona kwa macho yetu. Kisha akasikiliza, kisha akasema, usilie.

Tunateremka bondeni, ilikotoka ile mashine. Ninaendesha vizuri. Siongei sana. Binamu ameniuliza kama ninaumwa.

Tarehe 17 Februari

Bondeni. Cherehani sita. Hakuna, na nani angetegemea iwepo? Mimi najua, na bado kila mashine ikilazwa moyo wangu unaruka kana kwamba huenda Mungu ataninusuru.

Tarehe 18 Februari

Mama yake Fundi kapiga. Amemkataa Mzee wa Mbegu. Alikwenda mwenyewe dukani, akamwambia ana mume aliye hai, asimngoje. Yule mzee aliitikia kwa kichwa, akampimia mbegu alizoomba, akazifunga. Sasa mzee huyo anasema mvua zikipita atahamia mji wa kaka yake.

Fundi kayasimulia haya kwa huzuni kidogo, lakini macho yake yanang'aa. Mimi nikashuka kuangalia maji ya rejeta. Rejeta ilikuwa imejaa.

Binamu akanifuata. Binamu huyu nimemwandika humu kama mtu wa kero, na naomba msomaji, kama ni yeye aliyeiba daftari, anisamehe. Alisimama upande wa pili wa boneti, akasema kwa sauti ya chini kwamba mikwaruzo ya zamani huwa myeusi mpaka ndani, na ule wa njia panda ulikuwa mweusi juu tu. Pembeni, pale yeye Binamu alipoupitishia kitambaa mara ya pili, chuma kilimeta. Alisema amekaa siku tatu akiomba awe amekosea.

Sikumjibu. Yaani mimi.

"Utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi sitamwambia. Lakini kila siku unayoikalia, unamkalia yeye na mama yake."

Tarehe 19 Februari

Nilitaka kumwambia asubuhi. Alikuwa anapiga mluzi.

Tarehe 20 Februari

Nilitaka kumwambia mchana. Manyunyu ya kwanza. Jana ingekuwa rahisi kuliko leo, na juzi rahisi kuliko jana. Nimegundua hilo peke yangu bila shule.

Tarehe 21 Februari

Nimemwambia.

Tulikuwa tumesimama chini ya paa la kituo cha mafuta, mvua inapiga bati, mvua ya kweli sasa, na wenyeji wanakimbia huku na huku na magunia ya mbegu vichwani wanacheka. Fundi akasema, watu wa kwetu pia sasa hivi wanapanga foleni kwa Mzee wa Mbegu, maskini. Alisema maskini. Hapo ndipo nikashindwa.

Nilimwambia yote: msumari, pete mbili, mafuta machafu, mayai manne. Nilitaka kupamba, nimezoea, lakini maneno yalitoka yamevuliwa nguo. Alinisikiliza huku akitazama mikono yangu, si uso. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: ni siku ngapi? Nikahesabu. Nikasema, sita.

Nilitaka anipige. Ninavumilia ngumi vizuri, nilishasema hivyo mara nyingi, na ilikuwa nafasi nzuri ya kuthibitisha. Hakunipiga. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akakaa kwenye usukani, yeye ambaye gia ya pili na ya nne kwake ni mapacha, na Binamu akakaa kando yake. Mimi nikapanda nyuma na vyuma na turubai.

Kabla hatujaondoka alifungua dirisha. "Simpigii mama," alisema. "Nimeshampa uongo mmoja. Sasa nitampa ukweli, kama upo. Na ukweli wako utampa wewe, ana kwa ana."

Tarehe 22 Februari

Nyuma ya pikapu, mvua. Tumerudi njia panda na kushika barabara ya mlimani, ile ya kushoto, ile Binamu aliyoitaka tangu mwanzo. Daftari liko ndani ya mfuko wa nailoni na mimi niko nje ya mfuko.

Tarehe 23 Februari

Fundi anaendesha vibaya sana. Simwambii.

Bibi alikwama kwenye tope mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nasukuma, na tope limenifika mpaka kwenye meno, nikageuka nikaona mtu mwingine anasukuma kando yangu. Ni yeye. Tulisukuma. Gari likatoka. Akarudi kwenye usukani. Lakini alisukuma upande wangu, na upande wa pili ulikuwa wazi.

Tarehe 25 Februari

Mkasi. Wa kweli. Miaka minne iliyopita, kwa mshonaji wa mapazia. Fundi alimwita Binamu auangalie kwanza. Kisha akaniita mimi nilaze mwanga wa tochi vizuri. Mweusi mpaka ndani. Mistari inayumba kidogo, kama imechorwa ndani ya gari linalokwenda.

Mshonaji akasema, mnamtafuta mzee wa mkono? Huyo yuko juu huko, kwenye kiwanda cha sare za shule. Ila siku hizi hatengenezi.

Zimebaki siku sita.

Tarehe 27 Februari

Kiwanda ni ukumbi mmoja mrefu, madirisha juu, cherehani za umeme kama arobaini zimepangwa safu safu, kina mama na vijana wameinama, sketi za bluu zinapita kama maji. Kelele ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno. Katikati ya safu alikuwa anapita mzee na fimbo. Mwisho wa fimbo kuna sumaku. Anaiburuta sakafuni chini ya viti, anaokota sindano zilizovunjika na pini, ili zisimchome mtu mguu. Mkono wa kulia unatetemeka wakati wote. Sumaku ilikuwa inatetemeka nao, na pini zilizonata zinalia.

Ana mabega ya Fundi. Au Fundi ana yake.

Fundi alimwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akasema kama ni cherehani wakamwone kijana wa ofisini, yeye mkono umemwacha, siku hizi hashiki bisibisi.

"Sikuja kwa cherehani," Fundi alisema. "Mimi ndiye yule uliyemwacha na miaka minne."

Mzee aliiegemeza fimbo ukutani kwa uangalifu. Ilianguka. Akaiegemeza tena. Mama msimamizi aliona, hakuuliza kitu, akaenda ukutani akazima swichi kubwa, na cherehani arobaini zikanyamaza kwa pamoja. Watu wakatoka nje wenyewe, kama darasa lililoruhusiwa.

Nilidhani Fundi atauliza kwa nini. Alikuwa na swali hilo kwa miaka ishirini, nimelala naye chumba kimoja nikamsikia akilisema usingizini. Hakuuliza. Mzee akajibu hata hivyo.

"Mwaka wa kwanza sikupata cha kurudi nacho," alisema. "Mwaka wa pili niliona aibu ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, mwanangu, niliona aibu ya aibu."

Mimi niliangalia sakafu. Nilikuwa na siku sita tu za kitu hicho hicho na niliijua ladha yake. Nilikuja huku nimejiandaa kumchukia huyu mzee kwa niaba ya rafiki yangu, nilikuwa na maneno tayari, makali. Hayakunifaa.

Fundi akampa habari za nyumbani bila kuzipamba: mama yupo, anashona bado, ameposwa, na amekataa kwa kuwa bado ni mke wa mtu. Mzee akauliza mposaji ni mtu gani. Fundi akasema, mtu mwema. Mzee akatikisa kichwa kama aliyetajiwa dawa chungu anayoijua.

Binamu akampigia simu mama yake Fundi, akamshikia mzee sikioni, kwa sababu mkono wake ungeiangusha. Ukumbi ulikuwa kimya hivyo tukasikia sote.

Mama hakulia. Aliuliza, "Unakula?"

"Ninakula."

"Vizuri. Basi niache sasa, baba. Nimechoka kushikilia."

"Nimekuacha," alisema mzee. "Nilipaswa kukuacha zamani. Nisamehe ukiweza, na usipoweza pia ni haki yako."

Binamu ameandika karatasi ya talaka kwa mwandiko wake wa stoo, msimamizi akatia sahihi ya shahidi, mzee akachovya dole gumba kwenye kidau cha wino wa mhuri, akaligandamiza kwenye karatasi. Ilibidi Fundi amshike kifundo cha mkono ili alama isichafuke. Aliendelea kukishika hata baada ya wino kukauka.

Tulimwomba tuondoke naye. Alikataa. Alisema kiwanda hiki ndicho kinachomjua alivyo sasa. Lakini kabla hatujaondoka alimwambia Fundi aje msimu ujao, na aje na bisibisi, kuna mashine mbili pale ofisini yule kijana anaziharibu.

Tarehe 28 Februari

Fundi kaongea nami. Sentensi nzima.

Alisema amefikiria adhabu. Ngumi ingenifurahisha, kwa hiyo hapana. Nimekaa kimya siku sita kwa jambo nililopaswa kusema, basi nitakaa kimya siku sita kwa yote mengine. Kuanzia leo. Nikisema neno bila ruhusa, siku zinaanza upya. Binamu alicheka mpaka akashika mlango wa gari.

Ufunguo kanirudishia, kwa sababu za usalama wa barabarani.

Tarehe 1 Machi

Kimya. Nimeona ng'ombe mwenye alama usoni kama miwani. Sikumwambia mtu.

Tarehe 3 Machi

Mpakani, siku ya mwisho ya kibali. Mpiga mhuri aliniuliza nimekuja kufanya nini nchini mwao siku zote hizo. Nilimwangalia Fundi. Fundi akamwambia afisa kwamba huyu ni bubu. Bubu! Na nikatikisa kichwa kukubali.

Tarehe 4 Machi

Nyumbani. Mama yake Fundi alikuwa kibarazani kwenye cherehani yake, anashona foronya. Alimkumbatia mwanawe, akaipokea ile karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja akaiweka ndani ya blauzi. Alimuuliza Fundi baba yake kakonda au kanenepa. Kisha akasema, taratibu, kwamba jana amemtumia Mzee wa Mbegu salamu kupitia mtoto wa jirani. Salamu hazijajibiwa. Watu wanasema ameshaanza kufungasha.

Mimi nilikuwa nimesimama na mizigo. Siku ya tano ya kimya. Nilimtazama Fundi.

"Sema," alisema.

Nikaweka mizigo chini. Nikasema, "Mama, ile habari ya kwanza, ya mwaka jana, ilikuwa ya uongo. Niliichora mimi kwa msumari. Ulimkataa yule mzee kwa ajili ya mkono wangu."

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio. Amenilea huyu mama, nimekula kwake kuliko kwetu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Fundi alikuwa hali chakula."

Akashusha pumzi. Akasema niketi, nianze mwanzo, na nisimpambie. Nikaanza mwanzo. Sikupamba. Nilipofika mwisho alisema kwamba kosa langu ameshalisikia, sasa kuna mtu mwingine hajalisikia, naye ndiye lililomuumiza zaidi. Kesho nitakwenda mimi. Si mtoto wa jirani.

Tarehe 5 Machi

Siku ya sita. Fundi amenipa ruhusa ya kuongea kwa kazi hii tu, na kama nikiongeza habari za hali ya hewa atajua.

Duka lilikuwa limejaa. Ni wiki ya kupandia, watu wamepanga foleni mpaka barabarani, mbegu za mahindi, mbegu za maharage, kila mtu anataka kabla mvua haijakatika. Nyuma ya kaunta kulikuwa na makasha yamefungwa kamba. Mzee wa Mbegu alikuwa kwenye mizani, na aproni yake ya khaki, anapima, anafunga, anapima. Hakunitazama.

Nilipanga foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika aliuliza kilo ngapi. Nikamweleza. Pale pale, mbele ya watu, kwa sababu kama ningemwomba tuingie ndani ningepata nafasi ya kuyapanga maneno. Nikamwambia kuhusu msumari. Nikamwambia kwamba Mama hakumkataa kwa kutomtaka, alimkataa kwa ajili ya mtu ambaye mimi nilimchora. Na kwamba sasa ana karatasi, yuko huru, na juzi alimtumia salamu.

Mtu nyuma yangu aliacha kutafuna.

Mzee aliendelea kumwaga mbegu kwenye mizani mpaka sahani ikajaa na nyingine zikamwagika kaunta. Kisha akauliza kama ni Mama aliyenituma.

"Ndiyo, mzee. Amenituma."

"Yuko nyumbani sasa hivi?"

"Yuko kibarazani. Anashona foronya."

Akavua aproni. Akaikunja, akaiweka juu ya mizani na mbegu zikiwa bado humo. Akawaambia watu wamuwie radhi, akatoka kwa mlango wa mbele, akavuta mlango wa bati akaufunga kwa kufuli, saa nne asubuhi, wiki ya kupandia, foleni ikiwa nje. Akaondoka kwa miguu, bila mwavuli, haraka.

Watu wakanigeukia mimi wanataka kujua kuna nini.

Ruhusa yangu ilikuwa imeisha. Niliketi kwenye kizingiti cha duka, nikafunga mdomo, nikawaacha wangoje.